Tundu la Kijani

Deki ya baba ina midomo mitatu mgongoni:
wa njano, mwekundu, mweupe.
Televisheni niliyoipandisha Igogo begani,
jiwe hadi jiwe, kama mgonjwa,
ina tundu bapa la HDMI
na pembeni vitundu, kimoja cha kijani.

Nikampigia fundi Lushinge, Makoroboi.
"Njano ni jicho," akasema,
nasikia pasi yake ikichoma risasi.
"Nyekundu sikio la kulia, nyeupe la kushoto.
Ukitia jicho sikioni
litanguruma tu, halitaona."
Na hili bapa?
"Hilo linabeba vyote kwa mpigo,
ila deki yako haijui lugha hiyo.
Usilazimishe."

Chomeka. Chomoa. Puliza vumbi.
Kioo cheusi, maandishi katikati:
HAKUNA MAWIMBI.
Na dirishani ziwa zima
linajipigapiga kwenye mawe!

Tundu la njano silioni.
Nikaitia njano kwenye kijani, liwalo na liwe.
Picha ikaruka, ikatulia:
harusi ya mama, Nansio, tisini na mbili,
yote nyeusi na nyeupe.

Nikashika simu, nimuulize Lushinge
rangi zimekwenda wapi.
Mama akanizuia mkono.
"Iache. Gauni lile la kuazima
lilikuwa rangi ya chungwa lililooza.
Miaka yote naogopa kuliona."

Akasogeza kigoda.
Baba anasema kitu, watu wanacheka,
hakuna sauti.
Nyaya mbili, nyekundu na nyeupe,
bado nimezishika.