Makame, Ndoo!

Gitaa lilikuja na nyuzi tano.
Mtaliani mmoja wa Paje aliliacha kwa deni la chumba,
na mwenye nyumba, hajui kulipiga wala haliliki,
akakuuzia kwa elfu thelathini na kilo mbili za mchele.
Uzi wa sita uliutoa kwenye breki ya baiskeli yangu.
Wiki nzima nilikwenda skuli
nikisimama kwa ndara.

Studio ilikuwa kabati la mama,
Michenzani, ghorofa ya tatu,
baina ya kanga za arusi zisizovaliwa
na koti la marehemu baba, udi na dawa ya nondo.
Wewe ndani, Ghanima, magoti kidevuni,
mlango nusu, shingo ya gitaa imechomoza
kama kasa anayechungulia.
Mie nje, simu mikononi
kama niliyebeba bakuli la supu ya moto.
"Usipumue," uliniambia.
Nikajaribu.

Saa nane za usiku. Tulidhani jengo limelala.
Tukasahau kuwa maji nayo
hupanda saa nane za usiku.

Mara ya sita, sauti yako ikatua
pale ilipokuwa ikipatafuta tokea Ramadhani,
na katikati ya ubeti wa pili,
kutoka juu, kwa Bi Mgeni:
*Makameee! Ndoo!*

Nikataka kufuta.
Kwenye mita ya tukuza imebaki yuniti moja,
vidole vyako vimechubuka,
ukanizuia mkono:
"Iache. Na Makame ana haki ya kuitwa."

Basi tukatoka nayo hivyo hivyo.

Hoteli ya Shangani walitaka nyimbo wanazozijua wageni.
Ukaimba tatu, wakapiga makofi na uma mkononi.
Ujira: chipsi, soda, na "tutakupigia."
Arusi ya Kwahani walitaka mipasho,
wewe ukawaimbia ngazi,
mwanamke anazihesabu huku akipanda na maji,
akifika juu amesahau idadi, anateremka kuanza upya.
Ukumbi kimya.
Kijana wa spika akaanza kugongagonga nyaya,
kadhani zimekatika.
Shangazi Zuwena peke yake alikuja kukutuza,
akakubandika mia tano kipajini,
akakunong'oneza: "Fomu za ualimu zinafungwa Ijumaa."

Hukuzichukua. Wala hukusema kwamba hukuzichukua.

Tukanakili nyimbo kwenye kadi za simu, kumi na nne,
tukatandika Darajani kando ya muuza chaja.
Zilinunuliwa tisa.
Moja ilirudi siku ya pili:
"Hii mbovu. Kuna mtu anapiga kelele humu."

Kisha akabisha Bi Mgeni.
Mtandio umelowa, ndoo kaiacha mlangoni.
"Nasikia mmenitia kwenye kadi."
Tukangoja matusi. Tuliyastahiki.
Akakaa kitako juu ya godoro, akanyoosha mkono,
ukampa simu.

Si wimbo wako aliousikiliza, Ghanima.
Aliupita kama mtu anayepita baraza ya jirani,
salamu tu, mpaka pale penye ndoo.
Akarejesha.
Akarejesha tena.
Makame yuko Maskati tokea kabla ya Idi,
anaendesha gari la watu,
hupiga simu akipata salio.

"Hapa," akasema, "ananiitika. Hamsikii?"

Sisi tulioisikiliza mara mia,
tuliogombana juu ya kila pumzi yangu,
tukaegemeza masikio, vichwa vitatu, simu moja.
Na kweli. Chini kabisa, nyuma ya uzi wa breki,
mbali, kwenye ngazi, na usingizi kooni:
*naam.*

Hakuna aliyesema kitu.
Mita ikaanza kulia.

"Bei gani?" akauliza Bi Mgeni.
Ulishindwa kutaja, nikataja mie: elfu na mia tano.
Akafungua fundo la kanga, akatoa elfu mbili,
akasubiri chenji.