Daftari la Anwani

Kituo chetu cha afya, Langoni, kina kompyuta kumi na tatu,
na hadi Jumanne iliyopita
kila moja iliishi kwa nambari ya kalamu ya risasi
katika daftari la mraba mraba
aliloliacha Twalib Shekuwe alipostaafu,
limefungwa kwa uzi wa kushonea kofia.

Ukurasa wa tatu: maabara, kumi na saba.
Ukurasa wa tisa: dirisha la dawa, kumi na saba.
Mtu alifuta, mtu akaandika juu,
ndiyo maana kila saa nne asubuhi
maabara ikiamka, dirisha la dawa linazimia,
na Mwanakhadija hutoka na koti lake jeupe:
"Kuna nini tena yeo?"
Kuna wapangaji wawili, Mwana,
na ufunguo mmoja.

Nikakaa sakafuni, swichi mapajani.
(Ilishushwa gatini, ikapandishwa punda,
ikafika na manyoya ya punda kwenye matundu ya kupumulia.)
Nikaandika mistari michache:
bwawa la anwani, kutoka mia moja hadi mia mbili;
lango, moja;
muda wa kukaa, nusu siku,
kisha uombe upya au uondoke.
Nambari za chini sikuzigusa. Printa ni mwenye mji,
ikihamahama nani ataiona tena?

Nikazima zote. Nikawasha moja.

Huwezi kusikia, lakini sikiliza:
mashine huamka haina kitu,
sifuri nukta sifuri nukta sifuri nukta sifuri,
haimjui jirani, haijui hata imwite nani,
basi hupiga hodi mtaa mzima.
Hodi! Yupo mgawaji humu?
Kutoka kabatini chini ya ngazi:
Ninayo mia moja na nne, itakufaa?
Naitaka hiyo hiyo.
Chukua. Yako hadi jioni.
Yote haya kabla sijameza mate.

Lakini nambari hukumbukwa na nani?
Mgeni wa mji huu ukimpa tarakimu
atalala njiani.
Huambiwa: pita kwa muuza halwa,
kata kwenye ukuta uliomeguka chokaa,
ulizia kwa kina Bishee, aliyezaa mapacha mara mbili.
Na wa hapo asipojua, atamuuliza anayejua.

Hivyo hivyo nikaiagiza seva ya majina.
Ukijua, jibu. Usipojua, muulize wa juu yako,
na jibu lake uliweke kichwani kidogo,
usimgongee mtu mara mbili kwa swali moja.
Mama alinipa maneno hayo hayo
akinituma ndimu.

Majina niliyakuta pembeni mwa daftari,
kwa wino, madogo kama chawa.
Maabara: *jicho*. Dirisha la dawa: *chungu*.
Chumba cha daktari: *kimya*. Wodi ya wazazi: *karibu*.
Miaka yote Twalib aliyatunga
na hakuwa na pa kuyaweka.
Nikayaweka.

Limebaki moja. *Raya*, arobaini na moja.
Nikazunguka vyumba vyote, nikahesabu waya,
hakuna mashine hiyo.
Mwanakhadija akanionyesha pembe ya dirisha
palipo sasa na friji ya chanjo.
"Alikuwa akiandika kadi," akasema,
akarudi kuhesabu vidonge.

Nililiandika na hilo.
Uliza *raya*, utapewa anwani.
Bisha hapo, hapaitiki mtu.

Alhamisi Twalib alikuja kupima presha.
Nikamrudishia daftari. Akalipima kwa kiganja,
akauliza bila kuniangalia:
"Arobaini na moja umempa nani?"
"Hajapewa mtu."
"Haya."
Akaufunga uzi mafundo mawili.

Mfukoni mwa kanzu simu yake
ilikwisha kupiga hodi tangu mlangoni,
ikapewa mia moja na ishirini,
pasi na kalamu wala kufuta.
Hakujua. Nami sikumwambia,
nilikuwa namfunga mkono
kwa kile kitambaa kinachojaa upepo.