Themanini na Nane

Mwaka ule, Kutaisi, umeme ulikuwa mgeni asiye na adabu:
akija hapigi hodi, akiondoka haagi.
Tulikwisha choma kabati, tukachoma viti viwili,
mama akaanza kung'oa mbao za sakafu chumbani kwa baba,
akianzia pembeni kabisa, chini ya kitanda,
kana kwamba baba angerudi akakagua.

Nilikuwa na miaka tisa na koti la kaka.
Saa kumi za alfajiri nikatumwa foleni ya mkate.
Mwanamume mwenye kofia ya manyoya alipita na kalamu
akituandika viganjani kama watu waandikavyo magunia.
Mia mbili na kumi na mbili.
Ndilo lililokuwa jina langu asubuhi ile.

Wasemao mkono mtupu haulambwi
hawakuuona wangu: haukuwa mtupu, ulikuwa na wino,
na kuulamba ndiko kungeniua.
Nikaukunja ngumi, nikaufukia mfukoni.
Theluji ikatua mabegani mwa watu, ikakaa,
nayo pia ilikuwa imechoka.

Sikujua kuwa njaa hutoa jasho hata kwenye baridi.
Saa moja wakapita kuhakiki.
Nikakunjua ngumi: doa la buluu, mchubuko wa juzi.
"Nambari?"
"Mia mbili na..."
"Sioni nambari."
Walio nyuma wakanisukuma, si kwa ubaya,
wakanisukuma kama maji yasukumavyo gogo,
nikajikuta ukingoni, karibu na mtaro,
nikihesabu vifungo vya koti ili nisilie.
Vilikuwa vinne. Cha tano tulimpa daktari,
hapana, nasema uongo, kilipotea tu.

Akatoka mwanamke kule mbele, karibu na dirisha.
Shali ya kijivu, harufu ya mafuta ya taa,
masizi kwenye kucha. Hakuniuliza mtoto wa nani.
Alitema mate kiganjani mwake,
akashika mkono wangu, akaubandika juu ya wake,
akaukandamiza kwa nguvu, hata nikaumia.
Tulipoachana nilikuwa na nambari:
88.
Nambari nyingine yoyote ingejichapa kinyume,
ingenisaliti dirishani.
Hiyo, uigeuze utakavyo, inabaki ileile.

Akavaa glovu juu ya mkono uliobaki na ukungu wa wino,
akaenda mkiani mwa foleni,
kule ambako hata uvumi wa mkate haukufika.
Nilitaka kumwita. Nimwite nani?

Mkate ulikuwa mzito, mbichi katikati, wa moto.
Niliutia ndani ya koti, ukaniunguza tumbo,
na kufika darajani nilikuwa nimekula pembe nzima.
"Panya," nikamwambia mama.
"Panya gani huyo, mkakutana wapi?"
Akainama, akaokota chembe kwenye skafu yangu kwa ncha ya kidole,
akaitazama, akaila.
Hakusema tena.

Robo akamkatia Nodari wa ghorofa ya chini,
aliyefundisha jiografia na hakuwa na meno.
Akauloweka kwenye maji ya moto,
akaula akiwa ametugeuzia mgongo,
kwa aibu ya kufurahi.

Usiku nikasimulia. Mama akauliza jina lake.
Nikamwonyesha kiganja.
Siku tatu sikunawa mkono ule, wala hakunilazimisha,
mwanamke ambaye hata katikati ya dhiki ile
alitukagua masikio kila Jumamosi.

Jumapili akapeleka kanisani karatasi ya kuombewa walio hai:
Guranda, Zurabi, Nodari,
na mwishoni, kwa mwandiko wake wa unesi, 88.
Shemasi akainua macho.
"Huyu ni nani?"
"Wewe soma tu," mama akasema.

Akasoma. Akakwama kidogo, akakohoa,
akaendelea na karatasi ya mtu mwingine.