Kipimo cha Pumzi

Mkunga Oddny hakunipa saa ya kupimia moyo.
Alisema: "Tembea, panda ngazi, ogelea,
ila uwe unaweza kusimulia.
Pumzi ikikukatia sentensi katikati,
punguza mwendo. Kipimo ni hicho."

Kusimulia! Mimi?
Mimi niliyekimbia miaka kumi na mmoja
kando ya bandari ya Husavik
ili nisiseme na mtu?

Sasa tumbo hunitangulia kila niendako,
wiki ya ishirini na sita,
na barabara ni barafu tupu,
kioo kilichomwagiwa mafuta.
Kuanguka si shauri la mtu mmoja tena.

Basi nikashuka bwawani, lile la nje,
linalopashwa na moto wa chini ya ardhi.
Theluji yanitua utosini,
maji yanishika chini ya mbavu.
Huko juu mimi gunia; humu, ganda la yai.
Pembeni kuna birika la maji ya moto,
wazee wamejaa humo, wekundu kama kamba waliochemshwa,
wananiita kwa mikono.
Natikisa kichwa. Joto lile si la mtoto.
Nisubirini hadi Mei.

Lakini nimsimulie nani?

Akaja Steinvor, dada yangu,
mwaka wa nne tangu tugombane
kwa ajili ya kabati la mama,
na nani alikuwepo siku ile, na nani hakuwepo.
Kofia ya sufu kichwani, majini! Hakunisalimu.
Akaogelea sambamba nami,
kwenda, kurudi, kwenda.
Kisha: "Oddny anasema unatafuta mtu wa kuzungumza naye."

Nikaanza na ya karibu: kiungulia,
vifundo vilivyovimba,
usiku mzima kulalia ubavu wa kushoto.
Kisha ya mbali. Kabati.
Kisha siku ile,
na hapo sentensi ikakatika.

"Umechoka? Tusimame?"
Nikashika ukingo, nikajipima.
Pumzi ilikuwepo, tele, imetulia.
Hakikuwa kifua kilichoshindwa.

Hakusema neno. Akanipa chupa ya maji,
akanitazama hadi nikanywa.
Mtoto akapiga teke moja, upande wake.

Tukaondoka tena, polepole,
mikono ikifungua maji kama pazia.
Sentensi ile sikuimaliza.
"Alhamisi," akasema ngazini,
akaivua kofia, akaikamua.