Jicho la Dagaa

Usiisukume, Nkwimba. Pembetatu kwa pembetatu,
iache prosesa ishuke kwa uzito wake.
Sasa mkono wa chuma. Utalia krrk,
usiogope, ndivyo unavyofunga.

Pesti, tone moja:
jicho la dagaa, basi.
Skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo.

Tukawasha. Feni ikavuma.
Dakika mbili, giza.

Akafungua tena, kimya,
na chini ya kipoza joto akakuta
nailoni ya kiwandani, imelala, imepakwa pesti.
Nisiyeibandua ni mimi,
miaka kumi na moja kazini.

Nje, majabali ya Mabatini
yalikuwa bado yanalirudisha jua la mchana,
taratibu, kwa upepo wa ziwa.
Nkwimba akaegemea moja, akacheka:
"Hili hakuna aliyeliacha na nailoni."