Umenawa?

Mimi ni mkanda soba, wa tatu katika ukoo,
katika mji mdogo wa Yamagata
ambako theluji hufika madirishani kabla Januari haijaisha.
Babu alikanda, baba akakanda,
nami alfajiri nakanda,
unga wa kijivu ukipanda hewani kama pumzi ya mnyama.
Unga huu umo damuni mwetu,
ndivyo nilivyozoea kusema, kwa mzaha.

Wakaba alizaliwa Novemba.
Wiki ya sita mashavu yakawa mekundu,
kisha viwiko, kisha nyuma ya magoti,
ngozi ikachanika
kama karatasi ya dirisha iliyolowa.
Joto la mtoto tu, akasema Bibi Fusae, litapita.
Chisato alimvisha soksi mikononi asijikune,
naye akajikuna kwa soksi.
Usiku tulisikia krr, krr, krr,
panya mdogo akitafuna ukuta.

Na mimi, kila mchana wateja wakipungua,
nilipanda ngazi mbio, aproni ingali kifuani,
nikambeba.
Nilimfuta machozi kwa vidole hivi.
Nilimsugua mgongo palipomwasha,
taratibu, kwa mapenzi,
na unga ukabaki katika kila ufa.

Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne.
Uzi mmoja wa tambi, mfupi kuliko kidole chake,
wa kwanza maishani.
Midomo ikavimba, sauti ikakwama,
wateja wawili wakabaki na vijiti hewani
hadi gari la wagonjwa liliposikika darajani.

"Lakini hajawahi kuila," nilimwambia Daktari Oribe.
"Mwili wake umeijulia wapi?"
Hakujibu upesi. Aliitazama mikono yangu.
Kisha akachora nyuma ya bahasha:
nyumba, mlango, ukuta wenye tundu.
"Kinachopita mdomoni hubisha hodi.
Tumbo hukipokea, hujifunza jina lake, hukipa kiti.
Kinachopenya kwenye ngozi inayowaka
hukuta walinzi macho, panga mkononi,
nao hawaulizi. Huandika sura yake: mwizi.
Siku akija mlangoni na zawadi
watamkumbuka."
Akaongeza kuwa si kila mwenye ukurutu hupatwa na mzio,
kuna kurithi, kuna bahati, kuna mengi hatuyajui,
nisijibebeshe yote.
Nilimshukuru.
Nikajibebesha yote.

Sikuziba ufa, basi nikajenga ukuta:
kibanda nyuma ya duka, ndoo, sabuni,
nguo safi kwenye msumari.
Kila jioni navua humo nikitetemeka,
nasugua kucha, nyusi, matundu ya pua.
Mdogo wake Tetsuro alipozaliwa
hatukungoja ngozi ilie;
kipele kikichomoza, dawa siku hiyohiyo,
na mafuta asubuhi na usiku,
kama mtu apakaye nta mlango mpya.
Alionja soba daktari akiwa kando.
Alipiga chafya, akacheka, akataka tena.
Ni dawa? Ni bahati? Sijui.
Nilitoka nje nikalia karibu na mashine ya soda.

Wakaba sasa ana miaka tisa.
Sindano yake ya dharura hulala ndani ya mkoba wa shule,
kando ya filimbi na kifutio chenye umbo la samaki.
Juzi alisimama barabarani, buti zimezama thelujini,
akanitazama nikikata.
Alipumulia kioo, akaandika kwa kidole, kinyumenyume
ili mimi niweze kusoma:
*Baba, nyembamba zaidi.*
Hajui ladha yake, ila jicho lake ni la babu.
Nikakata nyembamba zaidi.

Jioni nabisha hodi mlangoni kwangu mwenyewe.
Sauti yake kutoka ndani:
"Umenawa?"
"Nimenawa."
"Na masikio?"

Narudi kibandani.