Uzazi wa Ngapi

Laki mbili na kumi na nane elfu.
Nimefuta kioo kwa ncha ya mtandio, nikasoma tena,
nambari haikubadilika.
"Kilomita za Ujapani hizo, Bi Mize," kasema Khatibu,
"barabara kama kigae. Za kule tatu ni moja ya hapa."
Nimezalisha Wete miaka thalathini na mmoja,
na kila mama wa uzazi wa tisa aliniambia hivyo hivyo:
wa mbele wote walikuja wepesi.

Gari jekundu, milango miwili, limejilaza chini
uani pale Jadida, baina ya pikipiki mbovu
na mkeka wa karafuu zilizoanza kugeuka rangi.
Pua ndefu. Matako mafupi.
Ukibonyeza swichi macho yanafunuka,
moja upesi, jengine likijivuta
kama mtu aliyeamshwa kwa daku.

Nalitaka. Bora niseme mapema,
kabla hesabu hazijajifanya ndizo zinazoamua.

Mita ya kasi inaishia mia mbili na arubaini.
Wapi, Pemba hii?
Ukifika mia, mbele yako tuta la skuli;
ukilipita tuta, ng'ombe wa mtu;
ukimpita ng'ombe, bahari.

"Na mabati?" kauliza mwanangu Zuhura.
Hakuinua sauti. Alichukua ndoo
akaiweka pale pale panapovuja,
ndoo tupu, na jua linawaka,
akenda zake.

Shaame fundi alikuja na kanzu ya Ijumaa,
akaivua, akaingia uvunguni na tochi,
akakaa huko muda wa wali kuiva.
"Injini inakula oili. Si sana,
kama mpishi anayeonja mchuzi.
Ubavu wa kushoto uliwahi kugongwa,
ukanyooshwa na mtu anayejua.
Spea utaagiza Dar, au utaagiza kwa Mungu."
"Wewe ungelinunua?"
"Mie nna watoto sita."
"Sikukuuliza hilo."
Akafuta mikono, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

Chini ya kiti nimeokota risiti,
maandishi siyajui, tarakimu nazijua:
saa tisa na dakika kumi na mbili, usiku.
Alikuwa anakwenda wapi, huyo?
Saa tisa ya usiku naijua mie.
Nimepakiwa nyuma ya baiskeli, nyuma ya vespa,
juu ya magunia, ndani ya gari la ng'ombe,
mkoba wangu kifuani, mtu ananiambia fanya hima.
Leseni nimeipata mwaka jana, na picha yake nimetoa macho.
Siku zote nakwenda kwa watu.
Kwenda tu, sijapata.

Nikaomba liwashwe, na wote wanyamaze.
Nikaweka kiganja juu ya boneti, nikafumba macho.
Kwanza kikohozi. Halafu uzi wa moshi wa buluu.
Halafu mapigo. Si ya kijana,
lakini hayaruki; nimehesabu dakika nzima.
Na kule mbele mnyororo, tiki, tiki,
sauti ambayo muuzaji keshaizoea.

Hatumuulizi mama uzazi wa ngapi
ili tumrudishe kwao.
Twauliza ili tujue cha kuandaa.

Khatibu kataka milioni tisa.
Nimesema sita.
Kacheka, katazama juu, kamtaja marehemu mume wangu.
Nimesema sita, na mnyororo nitautia mwenyewe.
Akaingia ndani kuzungumza na mkewe.

Nimebaki uani, mie na gari,
harufu ya karafuu na ya petroli.
Nikabonyeza swichi.
Jicho moja likafunuka.
Nikalingoja la pili.